Jumamosi: kupanga pesa ya korosho

Asalaam aleikum, habari za jioni ndugu zangu.

Mshauri wa mipango ya fedha anakuja Jumamosi saa 3:00 asubuhi, ofisi ya kata Naliendele. Kila mtu atakaa naye dakika 20. Mchango sh 2,000 kwa ajili ya nauli yake. Aliyekwama anifuate pembeni, asikose kwa sababu hiyo.

Njooni na:
1. Karatasi ya malipo ya AMCOS (chama chetu cha ushirika cha wakulima) ya msimu uliopita
2. Kitabu cha hisa na madeni yote, hata ya dukani
3. Matumizi ya nyumbani ya siku 5, yaandikwe kila jioni kuanzia leo

Wengi tunagawa pesa kwa miezi 12 bila kutoa kwanza gharama za kupulizia salfa (dawa ya mikorosho), palizi na mahitaji ya shule ya Januari. Ukipata 2,400,000 na hayo yakala 900,000, kwa mwezi una 125,000, siyo 200,000. Pengo hilo ndilo linalotuingiza kwenye kangomba, yaani kuwauzia walanguzi kwa bei ya chini, korosho zikiwa bado mtini. Inauma.

Namba ya siri ya simu usimpe mtu yeyote, hata mshauri.

Nafasi ni 15. Andika NAKUJA na jina lako kabla ya Alhamisi saa 12:00 jioni.