Barua kwa mwanangu: roho haikupimwa kwa mizani

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Video uliyonitumia nimeitazama hadi mwisho, na najua kwa nini uliitafuta. Tangu tumzike nyanya yako pale Kikowani umekuwa ukiniuliza swali lile lile kwa njia tofauti, kama bado yupo, na sasa umempata mtu anayesema sayansi imeshalijibu: roho ina uzito wa gramu 21, na kuna waliokufa wakarudi wakasimulia. Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Lakini mimi ni mama yako na ni muuguzi pia, siwezi kukunyamazia.

Hizo gramu 21 zimetoka kwa daktari mmoja wa Massachusetts, Marekani, Duncan MacDougall, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1907. Alitandika kitanda juu ya mizani, akapima wagonjwa sita waliokuwa wakikata roho. Wawili aliwaondoa mwenyewe kwenye hesabu kwa kuwa upimaji uliharibika. Waliobaki hawakulingana, na gramu 21 ni za mgonjwa wa kwanza peke yake. Kisha akapima mbwa 15, wasipungue kitu, akaona ndiyo dalili kwamba mbwa hana roho. Mtu mmoja kati ya sita, mwanangu! Hata dawa ya kikohozi haipitishwi kwa ushahidi kama huo.

Hao waliorudi ni habari nyingine, na sitaki uwadharau, maana nimewaona. Kuna mzee aliletwa kwetu usiku, moyo ukasimama akiwa kitandani. Tulimkanda kifua kwa zamu, mimi nikihesabu kwa sauti, jasho lanitiririka. Akarudi. Asubuhi nabadilisha dripu, akaniangalia akaniuliza: "Ni wewe uliyekuwa ukihesabu?" Mwili ulinisisimka. Hata hivyo nikijiuliza kwa utulivu, nilikuwa nikimsukumia damu kichwani muda wote ule. Huenda masikio yalisikia. Siwezi kukuapia kwamba roho yake ilikuwa imesimama pembeni ikinitazama.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa makini zaidi ya hiyo video. Pim van Lommel wa Uholanzi alichapisha mwaka 2001 utafiti wa wagonjwa 344 waliosimama moyo wakaokolewa; 62 kati yao walikuwa na la kusimulia. Yeye alisema kama ni upungufu wa oksijeni tu, wote wangeona kitu. Hoja nzuri. Ila nami nauliza: kama ni roho iliyotoka, mbona wale 282 hawakumbuki lolote? Daktari Sam Parnia naye na wenzake waliweka picha kwenye rafu za juu katika hospitali kadhaa, mahali ambapo mtu aliye kitandani hawezi kuziona, ila anayeelea darini angeziona. Utafiti ulitoka 2014, ukihusu visa 2,060 vya moyo kusimama. Mmoja alieleza mambo yaliyotokea chumbani na yakaonekana ni kweli, lakini chumba chake hakikuwa na rafu. Picha haikutajwa na mtu yeyote.

Wasiokuwa na dini nao wana video zao, usije ukatishwa. Watakwambia yote ni ubongo tu, kwa kuwa mtafiti Jimo Borjigin wa Chuo Kikuu cha Michigan aliona ubongo wa panya ukiwaka kwa umeme baada ya moyo kusimama, mwaka 2013, kisha 2023 akaona mfano wa hivyo kwa wagonjwa wawili kati ya wanne walioondolewa mashine ya kupumulia. Huo umeme ni kweli. Lakini wale wanne hawakuamka, basi hakuna ajuaye kama waliona kitu. Na hata ungejulikana umeme wote unaopita kichwani mtu akitazama jua, jua lenyewe halingekuwa limekanushwa.

Lililo wazi kwangu ni hili: kila aliyehojiwa na hao madaktari alikuwa hai. Moyo ulisimama, ukarudi. Mauti ya yule tunayemvika sanda hayajawahi kuhojiwa. Ukiijenga imani yako juu ya masimulizi ya waliorudi, utafiti mmoja mpya mwakani utakutikisa, nawe utadhani ni akhera iliyotikisika. Katika Surat Al-Israa, aya ya 85, tumeambiwa roho ni jambo la Mola, na kwamba katika ujuzi tumepewa kidogo tu. Mimi hicho kidogo nakipenda, ndiyo kazi yangu. Sikitumii mahali ambapo hakifiki.

Umeniuliza kama nyanya yako yupo. Naamini yupo. Nilipomwosha, kwa maji ya majani ya mkunazi kisha yenye karafuu maiti, nilikuwa nikimwambia kila kitu kabla ya kukifanya, vile ninavyowaambia wagonjwa: "Mama, nakugeuza sasa." Shangazi zako waliniacha niseme. Hakuna mtambo ulionionyesha kwamba ananisikia, wala sikuutaka.

Alhamisi usiku tunamsomea Yasin hapa nyumbani, nawe msomee huko huko Eldoret. Na huo utafiti wa Parnia na wa Borjigin utafute uusome mwenyewe badala ya kungoja video. Ukikwama kwenye lugha ya madaktari nipigie jioni, wiki hii niko zamu ya asubuhi.

Mama yako