Dereva wa rali akihama timu msimwite msaliti

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni. Kila dereva wa rali akibadilisha timu maneno ni yale yale, ati tamaa ya hela, ati hana shukrani, na kurasa za michezo nazo zinaandika hivyo hivyo. Mi naona tunawaonea.

Novemba 2016 Volkswagen walitangaza wanajitoa kwenye mbio za rali za ubingwa wa dunia, timu iliyobeba ubingwa miaka minne mfululizo, na madereva watatu wakabaki na helmeti mkononi. Andreas Mikkelsen alishinda rali ya Australia, ndio ilikuwa ya mwisho ya timu ile, halafu msimu uliofuata akaanza na gari la daraja la chini kwa sababu hakupata kiti huku juu. Hebu fikirieni, umetoka kushinda na kazi huna! Hapo hatukusikia mtu akisema kiwanda kimesaliti, tuliambiwa ni biashara. Sasa dereva naye akiangalia biashara yake kosa liko wapi? Na viti vyenyewe ni vya kuhesabu, miaka hii ni Toyota, Hyundai na M-Sport wanaotumia Ford, basi, ukikataa ofa leo kiti anapewa mwingine na hujui kama kitakuja kuwa wazi tena.

Sébastien Ogier, mmoja wa wale madereva watatu, kwenye mkasa ule ule wa Volkswagen hakukurupuka. Alilijaribu gari la Toyota, akalijaribu Ford Fiesta la M-Sport, ndio akachagua M-Sport, timu binafsi isiyo na mfuko wa kiwanda kikubwa. Januari 2017, rali yake ya kwanza na gari lile, Monte Carlo, akashinda (kweli Thierry Neuville alikuwa anaongoza akaharibu gari, lakini na kufika mwisho pia ni kazi), na ubingwa akachukua mwaka huo na 2018.

Sasa Ott Tänak. Bingwa wa 2019 na Toyota, akahamia Hyundai. Rali ya kwanza ni Monte Carlo hiyo hiyo, Januari 2020, gari likaruka nje ya barabara kwa kasi ya kama kilomita 180 kwa saa, likabiringika mtelemkoni katikati ya miti, na yeye na Martin Järveoja, mwelekezi wake anayekaa kando akimsomea noti za njia, wakatoka wazima. Ile video niliitazama nimeshika kichwa. Ubingwa hajaupata tena, na Toyota aliyoiacha ikamchukua Ogier akashinda 2020 na 2021. Watu wanamsema Tänak mpaka leo kwamba alifuata pesa. Sikubali hata kidogo! Mtu umpime kwa alichokijua siku anasaini, na wakati ule Hyundai ndio walikuwa wanaongoza jedwali la watengenezaji (la viwanda, si la madereva) na wakalichukua taji hilo mwaka huo huo wa 2019. Nani angekataa?

Neuville yeye aling'ang'ania Hyundai tangu 2014, akameza nafasi ya pili mara kadhaa mpaka akapata ubingwa 2024. Leo anasifiwa kwa subira, wakati miaka ile aliambiwa hana njaa ya kushinda. Na Kalle Rovanperä, bingwa akiwa na miaka 22 tu, akabeba na mwaka uliofuata, alipotangaza 2025 kwamba anaacha rali aende mbio za saketi, zile za kuzunguka njia moja maalumu, akaitwa mtoto aliyedekezwa. Kwa hiyo ukikaa unasemwa, ukihama unasemwa, ukiacha kabisa ndio usiseme.

Ombi langu kwenu mhariri, mkiandika habari ya dereva anayehama msianze na mshahara, ambao mara nyingi hata hautangazwi. Tuambieni mkataba ni wa miaka mingapi, ni rali zote au baadhi, gari ameshalijaribu au bado, na mwelekezi wake anaenda naye au wanaachana, kwa sababu Ogier alipita Volkswagen, M-Sport, Citroën mpaka Toyota, na hadi mwisho wa 2021 aliyekuwa kando yake akimsomea noti za kona ni yule yule Julien Ingrassia.

Mpenzi wa rali