Shukrani kwa muuguzi aliyeuliza kuhusu mionzi

Dada yangu alitibiwa kwa mionzi saratani ya nyuma ya pua, akapona. Miaka ikapita, akaanza kuchoka mno, kuhisi baridi hata jua likiwaka, hedhi ikakata. Kote tulikoenda tuliambiwa ni mawazo.

Wewe muuguzi, ambaye jina lako sikulipata, ulivuta kiti ukamuuliza, "Dada, mionzi ulipigwa sehemu gani?" Ukatueleza kuwa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na inayoongoza tezi nyingine za homoni, huweza kudhoofika taratibu, hata miaka 10 baada ya tiba. Hukuishia hapo. Ulimfuata daktari mwenyewe, kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa, ikapimwa asubuhi pamoja na homoni za thairoidi. Zote zilikuwa chini. Ukatufafanulia kwa nini haidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo la kotisoli, hutangulia thairoksini, dawa ya homoni ya thairoidi: kinyume chake kinaweza kuhatarisha maisha. Kisha ukamwandikia kikadi kwa herufi kubwa: akipata homa, aongeze dozi ya haidrokotisoni kama alivyoelekezwa, akitapika dawa, achomwe sindano yake haraka. Anatembea nacho kila aendako.

Mungu akulipe, dada yetu. Nanyi mnaouguza mtu aliyewahi kupigwa mionzi kichwani, mtajieni daktari jambo hilo, hata kama ni la zamani.