Mama alimtunza wifi mbele yangu

Shangazi, shikamoo. Kama mimi ndiye mkubwa basi iitikie hivyo hivyo, usiku kucha sijalala na akili ya kupanga umri wa watu sina. Naandika safuni kwako kwa simu, LUKU imeisha tangu saa nne na chaji iliyobaki ni kidogo, kwa hiyo nikiruka kitu utajazia mwenyewe. Nyumba za waimbaji unazijua.

Kwanza niseme sina wivu, kwa sababu ukiwauliza watakwambia nina wivu. Dada mkubwa ameshasema. Kaka wa Tabata ameshasema. Hata watoto wa ndugu zangu, ambao kuitikia nimewafundisha mimi, siku hizi nikiingia wanatazamana. Mwanamke wa miaka 46 amwonee wivu wifi, binti wa juzi, kwa kipi? Sauti? Sauti anayo, sikatai, lakini ya puani, na akipanda juu hashuki mpaka kinanda kimfuate.

Jambo lenyewe ni hili. Idi pili mwaka huu, uani kwetu, turubai limefungwa, mtaa mzima umejaa kama kawaida ya kila Idi. Mimi nipo ubeti wa pili. Mdogo wangu wa kiume, anayepiga kinanda, akakiacha kinajipigia ngoma chenyewe, akaja akanitoa maiki mkononi, akampa mkewe. Neno hakusema. Na mkewe akaendelea pale pale nilipoishia mimi, kumbe alishafundishwa. Hilo ningemeza, ndugu ni ndugu. Lakini mama akainuka. Mama yangu kwa yale magoti hainuki hata akiingia shehe. Akainuka, akaja anacheza taratibu mpaka mbele, akambandika wifi noti ya elfu kumi kwenye paji la uso. Vigelegele uani kote. Mimi naimba mbele ya mama yangu tangu nina miaka 11, Shangazi, na hajawahi kunitunza hata shilingi mia.

Nilipomuuliza alisema mtoto wa nyumbani hatunzwi, hela itatoka mfuko huu iingie mfuko ule. Sawa. Na huyo wifi analala wapi? Mlango wa tatu kutoka kwa mama, korido ile ile.

Usidhani sisi ni watu wa kuanza jana. Tumezaliwa tisa, wote tunajua kushika kitu. Marehemu baba alikuwa kuli bandarini na gita lake lilikuwa juu ya kabati, jioni hatuli mpaka alipige. Mama ni shabiki wa bendi ya Msondo mpaka leo, tena anaiita NUTA, kwa sababu alianza kuwasikia wakiwa NUTA Jazz, bendi iliyoanza 1964. Baba naye alikuwa huko huko, lakini Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ilipoanzishwa 1978 akahamia huko, na mama hakumsamehe. Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi, katikati ya ugomvi huo. Huwa nadhani ndiyo maana mama hanitazami nikiimba. Sauti yangu imefuata upande wa baba.

Baba alipofariki mama akasema dansi hailishi watu, tuingie kwenye harusi. Ndipo tukawa watu wa taarab, na Maulidi na kaswida tulikuwa nazo toka zamani. Kaka mkubwa anapiga fidla na ndiye wa dufu, dada wa pili rika, pacha wawili besi na dumbaki, mtoto wa dada yuko Bagamoyo, chuo cha sanaa cha TaSUBa, anasomea muziki kabisa. Waliobaki wanaitikia. Na mimi? Mimi ni kila kitu. Mweka hazina mimi. Kupima sare mimi. Kumbembeleza mwenye kirikuu atubebee spika kwa nusu bei mimi. Kinanda kinalala chumbani kwangu, chini ya kitanda, kwa sababu kwingine kote paa linavuja.

Mwaka wetu unaujua ulivyo. Mwezi wa Shaabani hatushiki chini, kila mtu anataka aoze kabla ya kufunga, Ijumaa tuko kitchen pati Sinza, Jumamosi harusi Buguruni, Jumapili unarudi nyumbani sauti imekauka unanywa maji ya tangawizi. Vunja jungu ikipita, kimya. Ramadhani spika zinafunikwa, kazi ni darasa la Kurani na kupika, na watoto wanafanya kaswida baada ya tarawehe. Mimi ndio mwezi ninaoupenda, kwa sababu mwezi huo hakuna anayetunzwa. Halafu Idi. Nimeshakueleza Idi.

Baada ya Idi zikaja harusi zilizosubiri, na masika juu yake. Ukiwa Magomeni na shughuli iko Kariakoo unakaa roho juu, Jangwani ikijaa maji njia imekufa, mwendokasi hakuna. Tulishawahi kuzunguka mbali na vyombo vimefunikwa nailoni, tunafika bibi harusi ameshaingia. Kote huko nilikwenda. Nilibeba, nilipanga, nilipokea hela nikagawa, nilimpa wifi fungu lake sawa na la wengine, senti sikupunguza. Kuimba tu ndiyo sikuimba. Nilikaa nyuma ya spika. Unajua hakuna aliyeniuliza kwa nini? Shughuli inaisha, watu wanakula pilau, wananiambia dada umejitahidi, kumbe mdomo sijafungua.

Mwezi wa saba tukiwa Mwananyamala wifi akaimba ubeti wa mti usiozaa unaokula mbolea ya wenzake. Alikuwa ananitazama. Wanasema alikuwa anatazama saa iliyoko ukutani. Ukumbini kule mimi sikuona saa. Watoto Mungu hakunipa, mume alishanirudisha nyumbani, mtaa mzima unajua, sasa huo mti ni nani?

Tena ngoja niseme na hili kabla hawajakwambia wao. Wifi alikuwa na mimba siku ile ya Idi. Changa, haionekani, anayejua ni mama peke yake na mumewe. Kwa hiyo dada mkubwa ananiambia, mama hakutunza sauti, alitunza mjukuu. Eti nielewe. Nimeelewa vizuri sana, Shangazi, na nilivyoelewa ndiyo ikaniuma zaidi. Maana kama ni hivyo basi mimi nisubiri nini tena kwa umri huu?

Mfungo sita wakanifuata. Maulidi ya kinamama, wifi kile Kiarabu hakimtoki, na tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa. Nikasema siji. Kaka mkubwa akaja mpaka mlangoni akasema dada, usimsusie Mtume. Nikaenda. Nilisoma mpaka mwisho, matari yanaitika, watu wamesimama kwenye kiyamu, kuna bibi mmoja alilia. Mama alikuwa mstari wa mbele. Lakini Maulidi ni Maulidi, nani atakuja kumtunza mtu kwenye Maulidi?

Usinishauri nikae na mama nizungumze naye. Nimeshakaa. Nilimkuta anachambua mchele, nikavuta kigoda, nikaanza kwa adabu, mama mimi mwanao nina jambo. Akasema, ongeza sauti ya redio kwanza, hii ya NUTA. Nikaongeza. Tukachambua mchele mpaka ukaisha. Na ningemwambia nini? Mtu mzima unamwambiaje mama yako, siku nyingine nikiimba na mimi uje unitunze? Akija baada ya kuombwa, hiyo noti utaiweka wapi?

Sasa tuje kwenye linaloninyima usingizi. Kitinda mimba wetu anaolewa mwezi huu wa kumi na mbili. Yule nimemlea mimi, nilimbeba mgongoni nikiwa binti na sauti yake ni yangu mimi, hata anavyokohoa kabla ya kuimba. Wifi amejifungua, mtoto wa kiume, yuko kwenye arobaini, hatoki. Basi sasa hivi nyumba nzima imenikumbuka. Dada, wewe ndiye utakayeimba. Dada, bila wewe hakuna harusi. Hata mdogo wangu aliyeninyang'anya maiki kaja kukaa kizingitini kwangu anachezea ufunguo wa pikipiki, anasema tufanye mazoezi Jumatano. Nikamuuliza, na mkeo? Akasema arobaini inaisha wiki moja kabla ya harusi, tutaona hali yake. Tutaona! Mimi si spea, Shangazi. Ya kunifunga gari likiharibika na kunivua likipona.

Kwa hiyo yule mama wa Temeke aliponipigia simu nilimsikiliza. Wana kikundi chao, mwimbaji wao mkuu amehamia Tanga, wananitaka mimi niongoze. Siyo kuitikia, kuongoza. Nikamwambia nitafikiria. Wana shughuli kubwa Mbagala, wakaniomba nianze na hiyo, wakanitumia laki moja na nusu ya kushika nafasi. Shughuli hiyo iko Jumamosi hiyo hiyo ya mdogo wetu. Tarehe niliijua, sitaki kukudanganya, lakini na wao waliponitoa maiki mkononi walijua ninaimba. Hela yenyewe haipo tena. Nimemlipa fundi, sare za harusi zilikuwa zimekwama kwake na watu walikuwa hawajachanga. Dera la wifi nalo limo humo, nimempimia kwa kukadiria, maana mwili wa uzazi haueleweki.

Na kinanda nimekifungia. Chumba nimetia kufuli na ufunguo natembea nao. Wanasema ni cha familia, na kweli kilinunuliwa kwa hela ya kikundi, lakini hela hiyo niliitunza mimi, mwaka mzima, watu wanataka tugawane mimi nakataa. Sijasema sitakitoa. Nimesema waje waniombe vizuri. Wamekuja kuniomba vizuri, nikawaambia wamechelewa. Hata mimi sijui nilitaka waje saa ngapi.

Usiku huu kilichoniamsha ni huyo mtoto. Ana tumbo, analia mpaka anakuwa mweusi, na wifi hajui kubembeleza, anamtikisa tu. Saa nane wakagonga mlango. Nani? Mama, na mtoto mkononi. Akaniwekea kifuani akaondoka, bila hata kusema haya mwanangu. Nikamwimbia kile alichokuwa akituimbia baba, cha Sikinde, polepole, mtoto akanyamaza. Mama nilimsikia koridoni hajaenda kulala, kasimama. Sijui alikuwa anasikiliza au anasubiri mtoto alale amchukue. Alivyolala akaja akamchukua. Hakusema kitu. Ndiyo na mimi usingizi ukaruka nikaanza kukuandikia.

Kuomba radhi sitaki waniombe. Yaani mdogo wangu aombe radhi, hilo ndiyo, mbele ya watu, kwa sababu aliniaibisha mbele ya watu. Lakini mama simtaki aniombe radhi, mzazi haombi radhi kwa mwanawe, mimi nimelelewa. Na hiyo elfu kumi siitaki. Ikiwa mia mbili, ile ya sarafu, haikai hata kwenye paji la uso, ingetosha. Tena sasa hivi hata akinipa nitajua ni kwa sababu wifi yuko ndani.

Dada mkubwa anasema nikienda Mbagala siku ya harusi ya mtoto niliyemlea nisirudi Magomeni. Nyumba ni ya baba, atanifukuzaje? Lakini nikibaki, nikasimama pale, nikafika ubeti wa pili, na wifi kajifunga kanga yake mpya anakaribia kutoka nyuma ya pazia, mimi nitaishikaje hiyo maiki? Mikono itatetemeka, najijua. Na mama akikaa tu kwenye kiti chake kama siku zote? Nikienda Mbagala angalau wasionitunza ni wageni.

Mama wa Temeke anataka jibu Alhamisi ili atangaze jina. Nikikataa nimrudishie laki na nusu, ambayo sina, labda nichukue kwenye hazina ya kikundi, na mimi hazina hiyo sijawahi kuigusa. Nikikubali nani atapiga hesabu ya watu wa pilau? Dada hajui, mwaka juzi alipewa yeye, wali ukaisha bwana harusi hajala.

Basi niambie, Shangazi, niende au nibaki. Nijibu mapema, na jibu liwe fupi kwa sababu wifi huwa anasoma safu yako kwa sauti jikoni. Usiandike Magomeni, andika Dar es Salaam tu. Na mambo ya kinanda yaondoe, watajua ni mimi.