Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Komini yetu: kufuli kwenye karakana ya wenye ulemavu

Lubumbashi

Mheshimiwa,

Ninakuandikia kwa heshima inayostahili cheo chako, na ninaandika hadharani kwa sababu barua 3 nilizoleta ofisini kwako zilipigwa muhuri, nikapewa nakala, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Jumatatu asubuhi tulikuta kufuli jipya kwenye mlango wa karakana yetu ya ushonaji. Ndani zimebaki mashine zetu 6 za kushona, pamoja na sare za shule, mashati meupe na sketi za buluu, ambazo wazazi wamekwisha kulipia nusu ya bei. Shule zinafunguliwa wiki ijayo.

Nilikuja kukuuliza. Ofisi yako iko ghorofani na haina njia ya magurudumu, kwa hiyo niliiacha chini kinga yangu, yaani baiskeli yangu ya magurudumu matatu, nikapanda ngazi 18 kwa mikono, huku nikiikokota miguu iliyolegea tangu polio iliponipata nikiwa na miaka 3. Watu waliokuwa kwenye foleni walinipisha bila kusema neno. Huko juu karani aliniambia nirudi wiki ijayo. Mheshimiwa, mimi ni mama wa watoto wanne, na siku ile nilishuka zile ngazi nikilia.

Miaka miwili iliyopita ulisimama katika ua wetu, ukashika gauni lililoshonwa na kijana wetu kiziwi, ukasema mbele ya wote kwamba chumba kile ni chetu na kwamba hati yake ingetufikia kabla ya mvua. Tangu siku hiyo mvua zimekuja na kuondoka mara mbili.

Labda hukuelezwa vizuri kinachofanyika mle ndani. Tuko watu 14. Kijana yule alijifunza kukata kitambaa kwa kuitazama mikono yangu tu, na leo ndiye anayewafundisha wanaosikia. Kila anayeuza hutoa sehemu moja ya kumi, na fedha hiyo ndiyo inayonunua mipira na minyororo ya kinga za wenzetu. Siku ya Alhamisi akina mama huleta watoto waliochelewa kutembea, na mmoja wetu aliyefundishwa hospitalini huwaonyesha namna ya kuwanyoosha viungo nyumbani, kwa kuwa nauli ya kwenda hospitali kila wiki hawana. Shirika la Afya Duniani limehimiza njia hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kwamba huduma imfuate mwenye ulemavu katika mtaa wake. Wawili kati yetu walikuwa wakiombaomba mjini kabla ya kushika sindano. Mmoja wao amerudi barabarani tangu juzi.

Ibara ya 49 ya Katiba ya 2006 inatupa haki ya hatua maalumu za kutulinda, nchi yetu ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 iliandikwa kwa ajili yetu sisi. Sitaki kuingia katika hesabu za fedha, ingawa tunajua kwamba sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaziachia serikali za mahali panapochimbwa asilimia 15 ya mrabaha, maana hatukuwahi kukuomba fedha. Tuliomba chumba. Nadhani kimepata mpangaji wa kulipa kwa dola, kwa kuwa tangu barabara ile itengenezwe kila ukuta unageuzwa duka.

Mheshimiwa, hati inaweza kungoja. Njia ya magurudumu nayo ingoje, nitapanda tena kwa mikono. Ninaomba kufuli litolewe kabla ya Ijumaa, ili tushone vifungo vilivyobaki na watoto wa watu waende shule wakiwa wamevaa.

Kwa heshima,

Mama fundi wa karakana