Safari hii nipigie na jani

Mwanangu,

Picha yako imefika. Unauliza, "Baba, hiki kichaka cha maua ya njano kinaitwaje?" lakini ua limejaa kioo kizima cha simu, jani hata moja halionekani. Sasa nitajuaje? Huko Kilimanjaro, kutoka kambi ya Mandara kupanda ya Horombo, vya njano si kimoja.

Usione haya, mimi niliumbuka zaidi. Nilikuwa bado mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, begi la mgeni kichwani, na mgeni huyo akaniuliza jina la kichaka kama hicho. Nikamjibu kwa kujiamini, "Euryops," kwa sababu ndilo jina pekee nililowahi kulisikia. Hakunicheka. Aliokota jani lililodondoka, akaliinua juani, akaniita nichungulie. Lilikuwa na vidoa vinavyopitisha mwanga, utadhani limetobolewa kwa sindano. "Hypericum," akasema.

Kwa hiyo ukipita tena hapo, ua liache kwanza. Majani ya Hypericum revolutum hayana kikonyo, yamekumbatia kijiti. Yanatoka mawili mawili yakitazamana, na kila jozi imekaa msalaba juu ya ile ya chini yake. Kwenye ncha ya tawi yanasongamana. Halafu ndiyo utazame ua: limekaa peke yake nchani, petali 5, katikati nyuzi nyingi za chavua. Baada ya mvua nusa hapo karibu, utasikia harufu kama ya mchuzi wa bizari. Wanaoishi Kameruni, Ethiopia na Afrika Kusini nao wanacho milimani kwao.

Euryops ni kingine kabisa. Vijani vyake ni vidogo, vyembamba, vimekizunguka kijiti kwa kubanana. Ua lake ni la ukoo wa alizeti. Unaloliona moja, ndani ni vijiua vingi vidogo.

Basi nipigie picha nyingine: tawi zima, jani kwa karibu, na ua kwa ubavuni. Weka sarafu ya shilingi 200 pembeni nijue ukubwa. Usichume, hiyo ni hifadhi. Okota lililoanguka, litazame juani, kisha uliache hapo hapo.

Mama yako anauliza kama lile sweta unalivaa au limekaa tu kwenye begi.

Baba