"Bure" ya Chuo cha Berea ina wenye kuilipia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowahangaisha wazazi wengi hapa Moshi kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, nalo ni habari za vyuo vidogo vya Marekani vinavyosemekana kusomesha watoto bure. Mwezi uliopita mama mmoja muuza mboga, ambaye binti yake nimemfundisha Biolojia, alikuja nyumbani kwangu na karatasi aliyopewa na wakala, ikieleza kwamba kwa shilingi milioni moja na laki mbili binti huyo angepatiwa "kiti" katika Chuo cha Berea, jimbo la Kentucky. Alikuwa ameshakopa laki nne kwenye kikoba na kutanguliza malipo. Mimi nimesoma katika chuo hicho miaka minne na sijapata kusikia kiti chake kikiuzwa. Hata fomu ya maombi haitozwi ada.

Nimeona makosa mawili yakirudiwa. Wapo wanaoitazama ada iliyotangazwa na vyuo hivi wakakata tamaa siku hiyohiyo, na wapo wanaolisikia neno "bure" wakafungua pochi. Wote wawili hawajauliza nani analipa, na kwa Berea swali hilo lina jibu ambalo mtu anaweza kulifuatilia.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1855 na mchungaji John G. Fee, mpinzani wa utumwa katika jimbo lililokuwa na watumwa, na mwaka 1859 yeye na wenzake walifukuzwa Kentucky na watu wenye silaha. Walirudi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakawafundisha weusi na weupe katika darasa moja, mpaka Bunge la jimbo lilipopitisha sheria mwaka 1904 kulipiga marufuku jambo hilo. Chuo kilipeleka shauri hadi Mahakama ya Juu ya Marekani kikashindwa mwaka 1908, na weusi hawakuruhusiwa kurudi hadi mwaka 1950. Nayataja haya kwa sababu chuo hakikujengwa kwa ajili ya wenye nacho. Wanafunzi wake, wapatao elfu moja na mia tano au pungufu kidogo, wengi wao ni watoto wa familia za kipato cha chini kutoka milima ya Appalachia, na tangu mwaka 1892 hakuna anayelipa ada ya masomo.

Pesa zinatoka wapi, basi? Wasomaji wa Pwani watanielewa haraka nikisema kwamba ni wakfu. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi wala hailiwi. Kinachotumika ni pato lake. Mwaka 1920 wakuu wa chuo waliamua kwamba urithi wowote unaoachiwa chuo bila masharti usitumike, uingizwe kwenye mfuko wa kudumu, na leo mfuko huo umepita dola bilioni moja. Faida yake, pamoja na michango ya wahisani na misaada ya serikali kwa Wamarekani maskini, ndiyo inayobeba ada ambayo mwanafunzi haioni. Kuna watu waliokufa zamani ambao ndio walionilipia, na mimi sikuwahi kuyajua majina yao.

Mlipaji mwingine ni mwanafunzi mwenyewe. Kila mmoja, awe mtoto wa mkulima au wa daktari, hufanya kazi ya chuo angalau saa kumi kwa wiki, hupewa ujira mdogo, na msimamizi wake humtathmini kama mwalimu anavyosahihisha mtihani. Wapo wanaofanya kazi hotelini, shambani, maktaba, kwenye maabara na ofisi za uhasibu. Mimi nilipangiwa karakana ya fagio. Fagio za huko hutengenezwa kwa mtama, wa aina isiyolimwa kwa ajili ya punje bali kwa ajili ya mashuke yake marefu, ambayo hulowekwa kwanza ili yasikatike. Unafunga waya kwenye mpini, unazungusha mashine kwa mguu huku mkono mmoja ukipanga mashuke tabaka juu ya tabaka, kisha unaubana ufagio kwenye jiliwa na kuushona kwa uzi mnene. Waya ukilegea kidogo tu, kazi yote inafumuka mapajani mwako. Nilipompigia mama simu kumweleza, alinyamaza kidogo, halafu akauliza: "Mwanangu, umevuka bahari kwenda kutengeneza fagio?" Sikuwa na jibu zuri siku ile. Nilichokuja kukigundua baadaye ni kwamba katika bweni letu hakuna aliyeweza kumdharau mwenzake aliyeosha vyombo, kwa kuwa sote tulikuwa na zamu mahali fulani.

Masomo yenyewe yanahitaji kuelezwa, maana hapa kwetu hatuna chuo kinachofundisha sana kwa namna hiyo. Vyuo vya aina hii hufundisha zaidi shahada ya kwanza, darasa linaweza kuwa na watu kumi na wanne, na anayefundisha ni profesa mwenyewe anayelijua jina lako na anayeona kwamba hukusoma. Mtoto wetu anayechagua tahasusi akiwa kidato cha tano hufungiwa milango mingi mapema; mimi nilisoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, na nilidhani Historia imeshanipita. Kule mwanafunzi huchukua masomo ya fani mbalimbali kwa takriban miaka miwili kabla ya kutangaza somo lake kuu. Hivyo mwanafunzi wa Biolojia kama mimi nilijikuta katika darasa la historia ya Wamarekani weusi, nikajifunza kwamba Carter G. Woodson, aliyeanzisha wiki ya historia ya watu weusi mwaka 1926, alipata shahada yake palepale mwaka 1903, mwaka mmoja tu kabla mlango haujafungwa kwa watu wa rangi yake. Insha yangu ya kwanza ilirudi imejaa wino kuliko maneno niliyoyaandika. Niliambiwa niiandike tena, na ya pili pia nikaambiwa niiandike tena.

Wazazi huniuliza mbona majina ya vyuo hivi hayajulikani. Hayati Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alisoma Biolojia kati ya mwaka 1960 na 1964 katika chuo kidogo cha watawa kilichoitwa Mount St. Scholastica, mji wa Atchison, Kansas, akiwa miongoni mwa vijana waliosafirishwa kwenda kusoma Marekani kwa mpango ambao mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya, aliupigania. Sidhani kama kuna aliyewahi kumuuliza kwa nini hakwenda Harvard.

Sasa nije kwenye yale yasiyo bure, ambayo wakala hakuyaandika kwenye karatasi yake. Berea humgharamia mwanafunzi wa kutoka nje masomo, malazi na chakula mwaka wa kwanza. Miaka inayofuata hutarajiwa kuchangia kiasi kutokana na ujira wa kazi za likizo ya kiangazi. Nauli ni juu yako. Kuna ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, kabla hata hujaomba viza, na viza nayo ina ada yake. Koti la baridi si pambo. Na anayesema kwamba mtoto atafanya kazi atume pesa nyumbani anadanganya, kwa sababu mwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo, na ndani ya chuo hazidishi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Masharti ya viza nayo hubadilika, kwa hiyo swali la kwanza liende ubalozini kabla ya senti moja kutoka mfukoni.

Berea ni chuo kimoja, na nafasi zake kwa wanafunzi wa nje kila mwaka ni chache sana. Kwingine hesabu ni tofauti. Vyuo vya Amherst na Bowdoin hutangaza gharama zinazopita dola 80,000 kwa mwaka, lakini humchagua mwanafunzi, hata wa kutoka nje, bila kuangalia uwezo wa familia, kisha hufidia kile ambacho familia haiwezi. Chuo cha Williams tangu mwaka 2022 hutoa msaada wake wote kama ruzuku isiyorudishwa. Vyuo vya namna hii ni vichache na ushindani wake ni mkali kupita kiasi. Vingi vilivyobaki hutoa punguzo, na wastani wa punguzo kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo binafsi vya Marekani umepita nusu ya ada. Mzazi akisikia "ufadhili wa nusu" hupiga vigelegele, lakini nusu ya dola 60,000 ni 30,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 70 kila mwaka, kwa miaka minne, bila malazi.

Tena chuo chenye mfuko mwembamba kinaweza kufungwa mtoto akiwa ndani. Wells, cha jimbo la New York, kilichoanzishwa mwaka 1868, kilifungwa mwaka 2024, na Birmingham-Southern cha Alabama kikafungwa mwaka huohuo. Kwa hiyo mzazi asiulize tu chuo kinatoa asilimia ngapi. Aombe kwa maandishi, kutoka kwenye chuo chenyewe, kiasi ambacho familia italipa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, na nini kitatokea iwapo ada itapanda.

Yule binti ameamua kujaza fomu mwenyewe, Jumamosi, katika chumba cha kompyuta cha shule. Laki nne za mama yake hazijarudi. Sehemu iliyotuchukua muda mrefu zaidi ni ile inayouliza kipato cha familia kwa mwaka, kwa kuwa muuza mboga hana hati ya mshahara. Ikabidi mama alete daftari lake la mauzo, lenye madoa ya nyanya, tukakaa watatu tukijumlisha kuanzia Januari.

Mwalimu wa sekondari,
Moshi